Je, Wajua? Maabara Iliyokesha na Nguruwe

Je, wajua kwamba virusi vya mafua vimewahi kutumwa kwa barua pepe?

Havikutumwa vyenyewe. Kilichotumwa ni maelezo yake kamili, herufi kwa herufi. Ilitokea Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya nguruwe. Wataalamu wa CDC, taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayodhibiti magonjwa, walifika hapo na wenzao wakiwa na maabara nzima ndani ya masanduku. Wakafungua mizigo, wakapanga vifaa, wakawapitishia nguruwe vijiti vya pamba puani, kisha wakakesha. Baada ya takriban saa 18 tangu wafungue masanduku, walikuwa wamesoma vinasaba vya virusi 13 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Waliyoyaona yaliwapa kazi. Nguruwe wale hawakuwa na mafua ya ukoo mmoja. Koo tatu zilikuwa zikizunguka humo kwa wakati mmoja, nazo ni H1N1, H3N2 na H1N2. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatia wasiwasi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya virusi vya mbegu, yaani virusi vilivyokwisha kuandaliwa ili chanjo ianze kutengenezwa haraka iwapo mafua ya wanyama yatahamia kwa watu. Wataalamu walipolinganisha H1N2 ya pale na mbegu iliyofanana nayo zaidi, walikuta tofauti zaidi ya 30 katika sehemu ya protini ambayo kinga ya mwili huitambua. Kwa maneno mengine, chanjo iliyotengenezwa kwa mbegu ile huenda isingemkinga mtu dhidi ya kirusi hiki.

Basi wakatuma data yote kwa barua pepe kwa wenzao wa CDC. Nao wakaanza kuunda mbegu mpya kwa kutengeneza vinasaba vyake kwa kemikali, bila kusubiri tone la ute kutoka pua ya nguruwe yeyote. Lilikuwa zoezi la kujiandaa, na dunia haikuwa hatarini usiku ule. Hata hivyo virusi vilikuwa vya kweli, nguruwe walikuwa wa kweli, na watu waliokuwa wakiingia na kutoka zizini hawakuwa waigizaji. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la mSphere, na mfumo wao waliuita Mia.

Kwa nini kwenye maonyesho, si shambani?

Msomaji aliyewahi kwenda Nane Nane anajua jinsi maonyesho ya kilimo yanavyokuwa, wanyama wa mashamba mengi wakiwekwa chini ya paa moja kwa siku chache. Huko Marekani, nguruwe wengi wa maonyesho hulelewa na watoto na vijana wanaoshindania zawadi. Huwaosha, huwachana, huwalisha kwa mikono, na wengine hushinda zizini kutwa nzima. Virusi vya mafua haviombi nafasi nzuri kuliko hiyo.

Mwaka 2012 nafasi hiyo ilitumika. Watu 309 walithibitishwa kuambukizwa aina moja ya mafua kutoka kwa nguruwe, H3N2, katika majimbo 12, na wengi wao walikuwa watoto waliokuwa wamehudhuria maonyesho. Mmoja alifariki dunia.

Kisha maonyesho huvunjwa. Nguruwe mmoja anarudi shambani, mwingine anauzwa, mwingine anapelekwa machinjioni, mwingine anapakiwa gari kwenda maonyesho ya wilaya ya jirani. Sampuli iliyotumwa kwenye maabara ya mbali ikileta majibu baada ya wiki kadhaa, majibu hayo yatakuwa sahihi lakini hakuna tena wa kuyapokea, maana zizi ni tupu na watoto wamerudi shule. Hapo ndipo saa 18 zinapopata maana yake. Kinachosifiwa si wepesi wa mashine kwa ajili ya wepesi tu, bali kupata jibu wakati mgonjwa, mnyama na mlango wa zizi bado vipo mahali pamoja.

(Hapa niweke jambo sawa kwa wafugaji wetu. Homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayomaliza zizi zima na kufunga minada, ni ugonjwa mwingine kabisa. Haina uhusiano na mafua, na haimwambukizi binadamu.)

Je, wajua kwamba kirusi cha mafua kina vipande vinane, na kwamba vyote vina ncha zinazofanana?

Vinasaba vya kirusi cha mafua cha kundi A ni RNA, na havikuungana kuwa uzi mmoja. Vimegawanyika vipande vinane, jumla yake kama herufi 13,500 hivi. Kwa kulinganisha, jenomu ya binadamu ina takriban bilioni tatu.

Kugawanyika huko ndiko kunakofanya mafua yawe mafua. Virusi viwili vya aina tofauti vikiingia katika seli moja, vinaweza kubadilishana vipande, na kirusi kinachotoka kikawa na vipande vitatu vya huyu na vitano vya yule. Nguruwe ni mahali pazuri pa biashara hiyo kwa sababu seli za njia yake ya hewa zina vipokezi vinavyopokea mafua ya ndege na vile vile vinavyopokea mafua ya watu. Kirusi kilichoenea duniani mwaka 2009 kilizaliwa kwa mabadilishano ya namna hiyo. Kilibeba vipande vyenye asili ya ndege, ya watu, ya nguruwe wa Amerika ya Kaskazini na ya nguruwe wa Ulaya na Asia. Makadirio yaliyoongozwa na CDC yaliweka vifo vya mwaka wake wa kwanza kati ya 151,700 na 575,400.

Lakini vipande hivyo vinane vina udhaifu mmoja unaowapendeza watu wa maabara. Ncha za kila kipande zina mpangilio wa herufi unaokaribia kuwa ule ule, kwa kuwa kirusi chenyewe kinazihitaji ili kijinakili. Kwa hiyo mtaalamu hahitaji kujua mapema ni mafua gani yaliyo mbele yake. Anatumia jozi moja ya vianzishi vinavyoshika ncha hizo, na vipande vyote vinane vinanakiliwa kuwa DNA kwa mkupuo mmoja ndani ya kijichupa kimoja. Iwe H1N2 ya nguruwe au H5N1 ya kuku, mtego ni ule ule. Huko shambani hili lina thamani kubwa. Kipimo cha kawaida cha PCR hujibu swali uliloliuliza tu, ukiuliza kama ni H5 kitakwambia ndiyo au hapana. Kusoma vinasaba kunakujibu hata lile ambalo hukufikiria kuliuliza.

Mashine yenyewe ikoje?

Mashine ya mkononi ya kusoma vinasaba inayojulikana zaidi, MinION, hutengenezwa na kampuni ya Uingereza ya Oxford Nanopore. Ina uzito usiofika gramu 100, inashikika kiganjani, na inachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ilianza kugawiwa kwa watafiti mwaka 2014. Kabla yake, kusoma vinasaba kulitaka mashine kubwa na nzito, chumba chenye kiyoyozi, na fundi wa kuzirekebisha kila zikihamishwa.

Kazi yake inaeleweka kirahisi kuliko jina lake. Ndani mna utando mwembamba wenye matundu madogo mno, na umeme hafifu unapita katika kila tundu. Uzi wa DNA unavutwa kupita humo, kama uzi katika tundu la sindano. Kila kundi la herufi linapopita linaziba njia ya umeme kwa kiasi chake, na kompyuta inayasoma mabadiliko hayo ya umeme na kuyageuza kuwa herufi, mamia kwa sekunde katika kila tundu. Matundu yanayosoma kwa wakati mmoja ni mamia.

Tundu hilo halikuchongwa na binadamu. Ni protini iliyotokana na bakteria E. coli, wale wa tumboni, kisha ikarekebishwa. Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. David Deamer, mwanasayansi wa Marekani, alilichora kwa kalamu kwenye daftari mwaka 1989, baada ya kulifikiria akiwa safarini kwa gari huko Oregon. Miaka 25 ilipita kati ya mchoro ule na kifaa kilichofika mikononi mwa watafiti.

Mashine hii hukosea, na miaka ya mwanzo ilikosea sana. Dawa ya makosa hayo ni kurudia, kusoma kipande kile kile mamia ya mara kisha kuchukua herufi iliyojitokeza mara nyingi zaidi. Mwaka 2018, watafiti wa CDC walipiga hatua nyingine. Walisoma jenomu nzima ya mafua ikiwa bado RNA, bila kuigeuza DNA kwanza, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa kirusi chochote cha RNA.

Je, wajua kwamba zamani jibu lilichukua miezi mitatu? Na kabla ya hapo, miaka 87?

Mei 1997 mtoto wa miaka mitatu alifariki dunia Hong Kong kwa ugonjwa wa mfumo wa hewa. Maabara ya pale iliona ni mafua, lakini haikuweza kuyatambua ni ya aina gani. Sampuli zikasafirishwa hadi Rotterdam, London na Atlanta. Jibu likatoka Agosti kwamba ni H5N1, mafua ya ndege ambayo hayakuwahi kuonekana kwa binadamu. Watu 18 waliugua mwaka ule na sita kati yao wakafariki, na serikali ikaamuru kuku wote wa Hong Kong wauawe, zaidi ya milioni moja.

Habari ya mwaka 1918 ni ndefu zaidi. Mafua yale yaliua makumi ya mamilioni ya watu, Afrika Mashariki ikiwamo, na waliouguza wagonjwa hawakuwa na njia yoyote ya kukiona kilichowaua. Mwaka 1951 mtafiti Johan Hultin alifukua miili iliyozikwa katika ardhi iliyoganda huko Brevig Mission, Alaska, akajaribu kuotesha kirusi, akashindwa. Alirudi mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 72, akachukua kipande cha pafu na kukipeleka kwa Jeffery Taubenberger, aliyekuwa ameshaanza kusoma vinasaba hivyo kutoka kwenye sampuli za askari zilizohifadhiwa. Jenomu kamili ilikamilika mwaka 2005.

Linganisha na Kambodia, Februari 2023. Msichana wa miaka 11 wa mkoa wa Prey Veng alifariki kwa H5N1, wakati huo huo dunia nzima ikihofia ukoo mpya wa mafua ya ndege uliokuwa ukiua ndege na wanyama kutoka Ulaya hadi Amerika ya Kusini. Maabara ya Institut Pasteur jijini Phnom Penh ilisoma vinasaba ndani ya siku moja na kuonyesha kwamba ulikuwa ukoo mwingine, 2.3.2.1c, unaozunguka miongoni mwa kuku wa eneo lile kwa miaka mingi. Habari haikuwa njema kwa familia ile, lakini iliwaambia wahusika waangalie wapi: kuku wa kijijini.

Kutoka Guinea hadi angani

Mafua hayakuwa ya kwanza kufuatwa hivi. Mwaka 2015, wakati wa Ebola Afrika Magharibi, Joshua Quick na Nick Loman wa Chuo Kikuu cha Birmingham walisaidia kupeleka Guinea maabara ya kusoma vinasaba iliyosafiri kama mizigo ya kawaida ya abiria wa ndege, haikufika kilo 50. Jenomu 142 zilisomwa, na majibu yalipatikana chini ya saa 24 tangu sampuli ifike mezani. Mwaka uliofuata mwanaanga Kate Rubins alisoma DNA ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa kifaa hicho hicho, ikathibitika kwamba kisichohitaji meza tulivu hakihitaji hata uzito.

Kwetu je?

Mfano ninaoupenda kuliko yote si wa mafua wala wa watu. Ni wa mihogo. Mwanasayansi Laura Boykin na wenzake wa Tanzania, Kenya na Uganda, akiwamo Joseph Ndunguru wa Tanzania, walibeba kifaa hiki hadi kwenye mashamba ya wakulima wadogo, wakaweka meza chini ya mti, wakasaga majani ya mihogo yenye batobato, na kumwambia mkulima siku hiyo hiyo ni virusi gani vimeingia shambani mwake. Zamani sampuli kama hizo zilipelekwa ng'ambo, na majibu yakaja baada ya miezi, msimu umeshapita.

Mashariki mwa Kongo kazi ilikuwa nzito zaidi. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, taasisi ya INRB ya Kinshasa ilipeleka mashine za kusoma vinasaba hadi Katwa, jirani na Butembo, na jenomu 744 zikapatikana. Moja ya siri zilizofichuliwa ni ya mwendesha pikipiki aliyepona Ebola, akakaa miezi kadhaa, kisha akaugua tena. Wengi wangedhani ameambukizwa upya na mtu mwingine. Vinasaba vilionyesha kwamba kirusi kilikuwa kile kile chake cha awali kilichojificha mwilini, na mnyororo ulioanzia kwake ukafikia watu 91. Kuhoji watu peke yake kusingeweza kufika hapo.

Upande wa mafua, Januari 2017 ndege wa majini walikutwa wamekufa kwenye ufuo wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kuku wakafuata, na Kenya ikazuia kuku kutoka Uganda. Ilikuwa H5N8. Ndege wanaohama hawasimami mpakani kusubiri maabara, na ziwa lile lina nchi tatu.

Kisha kuna Panzi. Mwishoni mwa 2024, kutoka eneo hilo la mkoa wa Kwango nchini Kongo, zilivuma habari za ugonjwa usiojulikana unaoua hasa watoto, na vyombo vya habari vya dunia vikaubatiza jina la kutisha. Kutoka Kinshasa hadi kule ni kama saa 48 kwa barabara, na ulikuwa msimu wa mvua. Sampuli zilipopimwa hatimaye, zilionyesha malaria pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya hewa, mafua ya H1N1 yakiwamo, kwa watoto waliokuwa wamedhoofishwa na utapiamlo. Hakukuwa na kirusi kipya. Lakini kwa wiki kadhaa hakuna aliyeweza kulisema hilo kwa uhakika, kwa sababu ya barabara.

Maabara ya mkononi inahitaji nini?

Inahitaji friji. Kadi zenye yale matundu na vitendanishi vyake hutunzwa kwenye baridi, vingine barafuni, na kadi moja imekuwa ikiuzwa kwa mamia ya dola. Inahitaji umeme usiokatika katikati ya kazi, na kompyuta yenye nguvu, maana kugeuza mawimbi ya umeme kuwa herufi ni kazi nzito. Inahitaji mtu aliyefunzwa kuua kirusi kabla ya kukishughulikia, na asiyechanganya sampuli ya zizi hili na ya zizi lile, kwani mashine inayosoma kila kitu husoma uchafu pia. Atakayekwambia kwamba kifaa cha gramu 100 kimemaliza shida ya maabara Afrika anakuuzia kitu. Mzigo ni masanduku yanayokifuata, na afisa wa forodha anayeuliza ni nini hiki.

Je, wajua kwamba nchi moja iliwahi kugoma kutoa mafua yake?

Kati ya 2006 na 2007 Indonesia iliacha kupeleka sampuli za H5N1 kwenye maabara za Shirika la Afya Duniani. Waziri wa afya, Siti Fadilah Supari, alilalamika kwamba virusi vinachukuliwa kutoka kwa wagonjwa wake, kampuni za nchi tajiri zinatengenezea chanjo, na Waindonesia wanatakiwa kuinunua kwa bei wasiyoimudu. Wapo waliomwona mkorofi. Mimi naona hoja yake ilikuwa na miguu. Ilichukua hadi Mei 2011 kwa nchi wanachama kukubaliana mpango maalumu wa mafua, kwamba anayepokea virusi kwa ajili ya chanjo naye atoe kitu, iwe dozi, fedha au ujuzi.

Mpango ule uliandikwa ukifikiria vichupa vya sampuli vinavyopakiwa ndege. Lakini tayari mwaka 2013, China ilipoweka hadharani vinasaba vya H7N9, maabara za Marekani zilianza kuunda virusi vya chanjo kutokana na herufi hizo kabla sampuli haijafika. Zizi lile la nguruwe lilifanya jambo hilo hilo kwa usiku mmoja na kompyuta ya mkononi. Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kukabili majanga ya magonjwa, zikakubaliana karibu kila kifungu, ila sehemu ya kueleza nani anapata nini pale kirusi au vinasaba vyake vinapotoka nchi moja kwenda nyingine. Hiyo iliachwa iandikwe baadaye kama kiambatisho.